Kitongoji Tulichokiezua Wenyewe

Nilikuwa mwenyekiti wa kijiji kwa kipindi kimoja na nusu, na jambo nililoliweza kuliko yote katika muda huo ni kuwafanya watu waniamini. Silisemi kwa kujisifu. Kama ningelishindwa hilo, kitongoji chetu cha nne huenda kingekuwepo mpaka leo, au kama kingeondolewa, kingeondolewa na watu wengine, si na sisi.

Kijiji chetu kiko mashariki ya Tabora, ukishapita Goweko kuelekea Tura, kusini kidogo ya reli. Tunalima tumbaku na karanga, na wengine tunatundika mizinga ya nyuki. Vitongoji vitatu vimekusanyika karibu na shule. Cha nne kilikuwa mbali, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli ndani ya miombo, kwenye njia ya zamani waliyopita wapagazi wakienda pwani. Pale palikuwa na maji, na baadhi ya babu zetu waliporudi kutoka safari zao walijenga hapo hapo. Kaya thelathini na kitu. Baba yangu alizaliwa huko, akahamia karibu na shule kabla hajaoa. Dada yake, shangazi yangu, hakuhama. Alikuwa akisema hawezi kulala mahali ambapo kengele ya shule inamwamsha kama mwanafunzi.

Nilipochaguliwa, mikutano ya kijiji ilikuwa haina watu. Mwenyekiti aliyenitangulia alikuwa anakaa chini ya ubao wa matangazo mpaka saa sita, akiona akidi haijatimia, anaorodhesha majina ya watu waliokuwa mashambani na kupeleka muhtasari wilayani kama kawaida. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesumbuka kulalamika.

Mimi nikaanza na jambo dogo. Kila barua iliyoletwa kijijini niliisoma mbele ya watu, yote, tangu kumbukumbu namba mpaka mhuri. Safari moja ikaja barua ya kunikaripia mimi, kwamba kijiji changu kimezembea kuchimba vyoo na mwenyekiti haonyeshi juhudi. Niliisoma hiyo pia. Mkutano mzima ulicheka, mama mmoja akapiga kigelegele. Nikasoma hadi mwisho, nikasema, "Haya, mwenyekiti wenu mzembe anawauliza, choo cha kwanza tunachimba kwa nani?" Kuanzia siku ile watu walianza kuja. Walikuja mpaka wale wa kitongoji cha nne, na baiskeli zao zenye vumbi la njia nzima. Kwa mara ya kwanza tangu nipate akili niliona kijiji chetu kikibishana bila kugombana. Nilikuwa narudi nyumbani nikimwambia mke wangu, "Kumbe inawezekana." Naye alikuwa ananijibu, "Kula kwanza."

Kisha wakaja wapimaji na bikoni.

Walizipanda kimya kimya ndani ya siku mbili, vijiti vya zege vyenye namba, mstari mmoja ulionyooka ukitenganisha kijiji na hifadhi ya msitu. Kitongoji cha nne chote kilibaki upande wa hifadhi. Watu waliamka asubuhi wakaambiwa na kiongozi wa wapimaji kwamba wanaishi ndani ya hifadhi. Hakuwa na ubaya, alikuwa anafanya kazi aliyotumwa. Alinionyesha ramani, na ni kweli, kwenye ramani hapakuwa na nyumba hata moja.

Niliandika barua wilayani. Niliisoma mkutanoni kabla ya kuituma, na watu wakanisahihisha mahali pawili. Baada ya wiki tatu hivi, mkubwa mmoja wa wilayani akaja mwenyewe. Sitataja cheo chake, maana leo cheo kile kina mtu mwingine.

Alikuja mwezi wa nane, majani yamekauka, moshi wa mashamba kila upande. Aliliacha gari lake mbali akaja kwa miguu mpaka katikati ya kitongoji, viatu vyake vyeusi vikiwa vimegeuka rangi. Alimkuta shangazi yangu akianika michembe, viazi vitamu vilivyokatwakatwa, juu ya jabali nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Huku siku hizi tunaambiwa ni porini, lakini karibu."

Alicheka, akachukua kipande cha kiazi kibichi akatafuna. Ndipo akakaa kwenye kinu kilicholazwa, watu wakamzunguka. Sikuwahi kumwona mkubwa akisikiliza vile. Alimwacha kila mtu aseme mpaka mwisho. Mzee mmoja alimpeleka akamwonyesha kaburi la babu yake, akaenda, akavua kofia. Aliporudi akasema:

"Ndugu zangu, sikuja na askari. Nimekuja peke yangu nisikilize. Ramani ile imekosewa, hata mimi naona imekosewa. Lakini nikienda kuwatetea hali bado mmekaa humu, wataniambia ninatetea wavamizi. Tusaidiane. Tokeni wenyewe, kwa amani, mkae pembeni msimu mmoja. Nitasimama kifua mbele niwaambie hawa ni raia wema, rudini mkapime upya. Kabla ya mvua wapimaji watakuwa hapa."

"Na wapimaji wasipokuja?" aliuliza yule mzee wa kaburi.

"Mzee wangu, wasipokuja, njooni mniezue mimi."

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Akaniwekea mkono begani akasema mbele yao, "Mimi na mwenyekiti wenu tutalibeba hili pamoja." Nakiri kwamba nilisikia raha. Miaka yote nilikuwa nimetamani kusimama hivyo, wananchi upande huu, serikali upande huu, na mimi katikati bila aibu upande wowote.

Hawakukubali siku ile. Walisema watafikiri. Kwa hiyo kwa siku nne nilikwenda nyumba kwa nyumba. Shangazi nilimwacha wa mwisho kwa sababu nilijua wengine wanamtazama yeye. Nilimkuta jikoni anapika mlenda. Hakunipa kiti, nikakaa kwenye kizingiti.

"Amekuapia?" aliniuliza.

"Shangazi, watu wa serikali hawaapi. Ametoa neno lake mbele ya watu wote."

"Neno." Akakoroga. "Wewe unamwamini?"

"Namwamini."

"Kabisa?"

"Kabisa. Mtu aliyevua kofia kwenye kaburi la watu!"

Akaipua chungu, akakifunika. Kisha akasema, "Mimi yule mtu simjui. Baba yake simjui, kwao sikujui. Wewe nilikubeba mgongoni. Ukisema tutoke, nitatoka. Ila ujue ninatoka kwa neno lako."

Nikamwambia, "Sawa, shangazi." Nilitamka maneno hayo mawili kwa wepesi kabisa, kama mtu anayeitikia kuagizwa chumvi.

Tulihama Jumamosi. Kijiji kizima kilikwenda kusaidia, vitongoji vyote vitatu, na mikokoteni ya ng'ombe na baiskeli. Tulianza na mabati, yasije yakaibwa nyumba zikibaki tupu, kisha kenchi, kisha milango na fremu zake. Nilipanda mwenyewe juu ya nyumba ya shangazi nikawa nang'oa misumari na kumrushia. Yeye alikaa chini na jiwe, akiinyoosha mmoja mmoja na kuitia kwenye kopo, ili itumike tena wakati wa kurudi. Wanawake walipika ugali na kuku kwa watu wote. Vijana walikuwa wanashindana nani atashusha paa haraka zaidi. Mkubwa alituma lori moja kwa ajili ya wazee na vyombo. Niseme ukweli, ile ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizokaa na watu wangu. Hatujawahi kuwa kitu kimoja namna ile, kabla wala baada.

Jioni, lori likiwa limewashwa, ofisa aliyekuja nalo akaniletea karatasi mbili zilizobanwa pamoja. "Ni taarifa ya zoezi, mwenyekiti. Mheshimiwa anaihitaji Jumatatu ili aanze kushughulikia." Nikasoma ukurasa wa kwanza. Ulikuwa unasifu ushirikiano mzuri wa wananchi na viongozi. Nilikuwa nimechoka, mikono imechubuka, dereva anapiga honi. Nikafunua ukurasa wa pili, nikaona mahali pa sahihi, nikaweka karatasi kwenye boneti ya lori nikasaini na kugonga mhuri. Ndiyo karatasi pekee katika uongozi wangu ambayo sikuwasomea watu.

Waliohama walijenga vibanda vya nyasi na maturubai kwenye uwanja nyuma ya shule, mabati wakiyatunza kwa ajili ya kurudi. Mwezi wa tisa ukapita. Wa kumi ukapita. Watu walianza kuniuliza, si kwa hasira, kwa kukumbusha tu: "Mwenyekiti, wale wapimaji vipi?" Nami nikawa najibu, "Wako njiani." Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi na moja, ikafagia vibanda vitano. Asubuhi nilimkuta shangazi amesimama ameshika mabati yake, yale yale tuliyoyashusha, amejifunika nayo kichwani kama kofia.

Nikaenda mjini. Mara ya kwanza mheshimiwa alikuwa kikaoni. Mara ya pili alikuwa safarini. Mara ya tatu nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa tisa, na katibu muhtasi wake, dada mwenye huruma, akanipa soda yake mwenyewe. Mara ya nne nikamkuta akitoka, akanitambua, akanishika mkono akaniingiza ofisini. Alikuwa mchangamfu kama mwanzo. Aliagiza chai.

"Mheshimiwa, watu wanalowa," nilimwambia. "Tunasubiri wapimaji."

"Lile suala liko ngazi za juu, mwenyekiti. Linafanyiwa kazi."

"Ulisema kabla ya mvua."

"Nilisema, na nilijitahidi. Lakini wenzangu wa misitu wamenibana na taarifa yenu wenyewe."

"Taarifa gani?"

Akafungua faili, akatoa zile karatasi mbili, akanigeuzia ukurasa wa pili. Nikausoma hapo mezani pake, chai ikiwa mbele yangu. Ulisema wakazi wa kitongoji hicho wamekiri kwamba waliingia ndani ya hifadhi bila kibali, kwamba wameondoka kwa hiari yao baada ya kuelimishwa, na kwamba hawana dai lolote juu ya eneo hilo. Chini yake jina langu, sahihi yangu, mhuri wa kijiji umegongwa sawasawa, haukupinda hata kidogo.

"Hatukukiri," nilisema. "Hakuna aliyekiri."

"Mwenyekiti, umesaini."

"Lakini wewe ulisema ramani imekosewa. Ulisema mbele ya watu."

Alivua miwani akajifuta macho, na nilipomtazama nikaona mtu aliyechoka. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Ningependa kusema kwamba alicheka, au alinifukuza. Alisema kwa sauti ya chini, "Niliamini ninaweza. Nilipofika kule juu nikaambiwa nimalize zoezi au nipishe mwenye uwezo. Ungefanya nini wewe?"

Nilimwomba nakala ya ile taarifa, akanipa. Nilitoka nikiwa sijanywa chai.

Nilipofika kijijini watu walikuwa wananingojea barabarani. Nikawaambia, "Linafanyiwa kazi." Maneno yake yale yale yalitoka mdomoni mwangu, na waliyapokea kwa sababu niliyasema mimi. Niliendelea kuyasema kwa siku kumi na mbili. Katika siku hizo familia moja ilipanda mahindi kwenye vishamba vya jirani zao kwa makubaliano ya msimu mmoja tu, kwa kuwa mwenyekiti amesema wanarudi. Nilipita nikawaona wanapanda. Nikawapungia mkono.

Siku ya kumi na tatu niliitisha mkutano. Walikuja watu wengi, wakasimama chini ya miavuli na maturubai. Nikatoa nakala ya ile taarifa nikaisoma kama nilivyozoea kusoma barua zote, tangu kumbukumbu namba mpaka mhuri. Neno "wamekiri" nililisoma mara mbili. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe, nilimwacha mke wangu nyumbani kwa sababu hiyo.

Hakuna aliyepiga kelele. Yule mzee wa kaburi aliinua mkono akauliza, "Ulisaini wewe?"

"Nilisaini mimi."

"Ulisoma kabla ya kusaini?"

"Ukurasa wa pili sikusoma."

"Haya," alisema, akakaa.

Shangazi alikuwa mbele kabisa. Nilimtazama yeye tu. Alikuwa anaangalia miguu yake iliyojaa tope. Kisha akasimama, akajikung'uta kanga, akaondoka taratibu, na watu wa kitongoji cha nne wakamfuata, na baada yao wengine. Mkutano haukufungwa. Niliachwa na mtendaji wa kijiji na daftari lake la mahudhurio.

Mwisho wa masika nilikwenda peke yangu kuangalia. Nyumba za tofali mbichi zisizo na paa hazistahimili mvua ya kwetu. Kuta zilikuwa zimeyeyuka mpaka kiunoni, nyingine zimebaki vichuguu vya udongo mwekundu. Pale kwenye jabali la shangazi nyasi zilikuwa zimeota pembeni. Kwenye njia palisimama kibao kipya cha bati kikisema ni marufuku kuingia. Sikuingia zaidi. Wengi wa watu wale walikuwa wameshaondoka kijijini, wengine kuelekea Mpanda kutafuta mashamba, wengine kwa ndugu zao mjini. Mzee wa kaburi alibaki kwa mwanawe karibu na shule. Tukikutana tunasalimiana. Ananiambia "Mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi, nami naitikia, na anapita.

Nilibaki kwenye uenyekiti kwa mwaka na nusu zaidi kwa sababu hakuna aliyejali hata kunitoa. Mkutano uliofuata walikuja watu kumi na moja. Ule mwingine, saba.

Mkubwa yule alihamishwa. Badala yake alikuja mwanamke mmoja, bado mdogo kwa umri, mchapakazi. Alikuja na mradi wa maji ya bomba. Mabomba yalikuwa yameshafika kituoni, yamelazwa pembeni ya reli, niliyaona kwa macho yangu. Kilichotakiwa ni wananchi kuridhia bomba lipite kwenye mashamba yao, kila mwenye shamba asaini au aweke dole gumba.

Hakuna aliyeweka. Hata mmoja. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alisimama mbele ya viti vitupu, na mimi na mtendaji tumekaa upande wa pili.

"Mwenyekiti, hawa watu wana nini?" aliniuliza. "Hawataki maji?"

"Wanataka... wanataka maji," nilisema.

"Basi waambie. Wewe ni mtu wao. Waambie mimi siwadanganyi."

Nilimtazama. Nilidhani anasema kweli. Nilikuwa karibu na hakika kwamba anasema kweli, lakini hata yule wa kwanza nilikuwa na hakika naye. Na hata kama ningekuwa na hakika ya kutosha, hapakuwa na mlango hata mmoja kijijini ambao ningeweza kukaa kizingitini kwake nikasema tena "namwamini". Nilimwambia kwamba nitajaribu. Sikujaribu. Bomba lilipelekwa kijiji cha jirani, na wanawake wetu sasa wanakwenda huko na ndoo, wanasimama foleni nyuma ya wenyeji.

Nikaandika barua ya kujiuzulu. Waliotafuta wa kushika nafasi yangu hawakufanya uchaguzi wa maana, walipata mtu aliyekubali. Nasikia akidi isipotimia anajaza majina.

Shangazi alikwenda kwa binti yake, Urambo. Hakuniaga, nilisikia kwa watu. Mwaka jana, wakati wa mavuno ya tumbaku, nilijikaza nikaenda kumwona. Nilimkuta uani anafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, na vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Amekonda. Nilimwamkia, akaitikia. Binti yake alitupikia wali kwa maharage. Tuliongea habari za vituo vya kununulia tumbaku, kwamba mwaka ule madaraja ya majani yameshushwa, kwamba mjukuu wake mmoja amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Aliniuliza afya ya mke wangu. Aliuliza vizuri, kama unavyomuuliza mgeni yeyote.

Nilipomaliza kula nikasogeza sahani. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

"Shangazi," nilianza, "siku ile nilipokuja kwako jikoni..."

"Nawa mikono," alisema. "Maji hayo hapo, mwenzio ameshakuletea."

Nikanawa. Akachukua kijiti kingine akaanza kufunga majani, jani kwa jani, uzi ukipita huku na huku, na hakuinua macho.

"Gari la mwisho la Tabora linaondoka saa tisa," aliniambia. "Ukichelewa utalala stendi."

Nilisimama, nikachukua mfuko wangu. Binti yake alinisindikiza mpaka barabarani, akaniomba radhi kwa niaba ya mama yake, kwamba siku hizi hapendi maneno mengi. Nilimwambia hakuna neno. Gari lilikuwa nusu tupu. Nikakaa dirishani upande wa jua, na safari nzima hakuna mtu aliyeniuliza natoka wapi.